Siku Niliyolala Juu ya Kisima

Wanaisimulia msibani, wanaisimulia harusini, na siku hizi nasikia wanaisimulia hata kwenye foleni ya kupima korosho ghalani. Kwamba siku watu walipokuwa wanakufa ndani ya kisima, mtani mmoja wa Kimakua alikuja akajilaza juu ya mdomo wa kisima na kudai apewe kuku ndipo ainuke. Watu hucheka hadi machozi. Msimulizi akiwa hodari huiga sauti yangu, na mwingine hulala chini kabisa na kurusha miguu. Nikiwa karibu hunigeukia: "Si ndivyo, Mama Mwenyekiti?"

Sivyo. Sikudai kuku na sikuwa natania. Nimelisema hili mpaka nimeichoka sauti yangu mwenyewe, basi sasa naliandika. Atakayetaka kucheka acheke akimaliza kusoma.

Mimi ni mzaliwa wa Lulindi, kule chini Masasi. Niliolewa huku juu Newala, upande wa Chilangala, na kilichonishangaza kwanza kilikuwa maji. Udongo wa huku unakunywa mvua yote, hauachi hata dimbwi la bata. Mabonde yako mbali na bomba hutoa maji siku likipenda. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati huchimba kisima uani, shimo refu lililosakafiwa kwa saruji, na maji ya mvua huteremka humo kutoka paani kwa mfereji. Hayo ndiyo tunayokunywa hadi mwaka unaofuata. Kabla ya mvua kuanza, lazima mtu ashuke akisafishe, akombe matope na majani yaliyooza. Ni kazi ya kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuiogopa.

Mume wangu alipofariki, watu wa kitongoji walinichagua niwe mwenyekiti wao. Sikuomba. Walisema nina mdomo, na kweli ninao. Kazi yenyewe ni kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, kuhimiza vyoo, na kuitisha mikutano ambayo watu hawaji. Mara moja tuliitwa Newala mjini kwenye semina ya maafa. Wenzangu wengi walisinzia wakisubiri soda. Mimi sikusinzia. Mkufunzi alisema kwamba kwenye tukio la dharura, kiongozi wa kwanza kufika ndiye mwenye amri, hata awe mdogo namna gani. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia wengine wasiumie, kuokoa kunafuata. Kisha akifika kiongozi mkubwa zaidi, yule mdogo humweleza hali ilivyo, humkabidhi, naye hukaa pembeni. Niliyashika maneno hayo kama yalivyo. Laiti ningesinzia pale kwenye kukabidhi.

Kijiji chetu nacho kina kamati ya maafa. Mwenyekiti wake ni mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu kila kitu mwenyekiti wake ni yeye. Kamati hiyo ilikutana siku ilipoundwa, ikapiga picha, ikala wali, basi.

Sasa nieleze utani, maana bila huo hamtanielewa. Ukoo wangu na ukoo wa jirani yangu wa mkono wa kulia ni watani tangu enzi za mababu. Utani wetu si wa kutaniana majina tu. Wakifiwa wao, naweza kuvaa shati la marehemu na kutembea kama yeye mbele ya waombolezaji. Naweza kuficha sufuria ya wali. Naweza kuingia kaburini nikakaa, nikasema siondoki mpaka niridhishwe, na mazishi yakasimama. Hakuna anayeruhusiwa kunikasirikia, na hakuna anayeruhusiwa kunigusa. Nao wana haki hiyo hiyo kwangu. Mama wa nyumba ile ni rafiki yangu wa chumvi na moto. Mwanawe mkubwa nimemtania tangu anatambaa. Nikipita nilikuwa namuuliza, "We, utakufa lini nile ubwabwa?" Naye hunijibu, "Nakusubiri utangulie, kizee."

Sasa mnaona nilivyojifunga mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ilikuwa msimu wa korosho unaelekea ukingoni na mawingu yameanza kujikusanya. Yule mwana mkubwa aliamua kusafisha kisima cha mama yake. Kilibaki na maji meusi mazito chini, na badala ya kuyateka kwa ndoo kama miaka yote, aliazima mashine ya petroli ya kuvutia maji. Mpira wake ulikuwa mfupi, haukufika chini. Wakaifunga mashine yenyewe kamba, wakaiteremsha ndani, wakaiweka juu ya mawe na kuiwasha humo humo. Ilinguruma vizuri, kisha ikakohoa na kuzima. Akashuka kwa ngazi kwenda kuiwasha tena. Hakupanda.

Nilikuwa kwangu nageuza korosho juani niliposikia dada yake anapiga yowe. Nilikimbia. Watu walishazunguka mdomo wa kisima, wanamwita jina lake. Nilichungulia nikamwona ameketi kwenye matope, ameegemea ukuta, kidevu kifuani kama mtu aliyelala kwenye basi. Hakuwa na jeraha. Moshi wa petroli ulinipiga usoni hadi macho yakawasha, na nikaelewa papo hapo kwamba hewa ya mle ndani imeharibika.

"Asishuke mtu!" nikapiga kelele. "Mle ndani mna moshi wa mashine! Atakayeshuka ataanguka kama yeye! Asishuke mtu yeyote!"

Mtu akacheka.

Nakisikia kicheko hicho hadi leo. Mzee mmoja wa ukoo wao akasema kwa lafudhi ya kwao, "Aa, ntani ameshaanza. Subiri kwanza tumtoe, ubwabwa utakula baadaye." Na wengine wakacheka naye. Nikasema kwa sauti ya juu zaidi kwamba naongea kama mwenyekiti wa kitongoji, kwamba hii ni amri. Wakazidi kucheka, maana hayo hasa ndiyo angeyasema mtani. Sisemi walicheka kwa ubaya. Walikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hukimbilia anachokijua. Lakini damu ilinichemka, na bado inachemka. Walinipigia kura wenyewe, wakaninyooshea mikono uwanjani mchana kweupe, halafu siku moja tu ninayohitaji wanisikilize wananiona mchekeshaji.

Wa pili kushuka alikuwa mkwe wa nyumba ile, mume wa yule dada aliyepiga yowe. Huku kwetu mara nyingi mwanamume huoa akahamia kwa mkewe, akalima kwao, akajenga kwao, na macho yote ya ukoo yako mgongoni kwake. Mkwe akisimama kando huku shemeji yake anakufa, hilo litasemwa hadi kwa wajukuu zake. Kijana wa watu alijua hivyo. Alivua shati akalikabidhi kwa mkewe. Nilimshika mkono nikamng'ang'ania.

"Mwanangu, usishuke. Nakuomba."

"Niache, mama," akasema kwa upole kabisa. "Huyu ni shemeji yangu."

Akajichomoa. Alishuka haraka, akafika, akamshika shemeji yake kwapani na kumwinua kidogo. Kisha akaketi. Aliketi tu kando yake taratibu, kama aliyechoka. Mkewe aliita, akaita tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo akatokea kitinda mimba wa nyumba ile, mtu mzima mwenye mke na mtoto, anatoka shambani anakimbia. Jembe alilitupa njiani. Nilimwona usoni nikajua huyu hatauliza chochote, na nikajua maneno yangu hayana kazi. Ngazi ilikuwa hatua chache mbele yake. Sikufikiri. Nilijitupa chini nikalala juu ya mdomo wa kisima, mgongo ukingo huu na visigino ukingo ule, kichwa kikiegemea ngazi.

"Mtani wenu nimelala!" nikapiga kelele. "Nimelala, na siondoki!"

Alisimama. Mkono wake ulikuwa umeshafika begani kwangu, na ni mtu wa nguvu, angenirusha mbali kama gunia tupu. Mkono ukabaki hewani. Nyuma yake yule mzee, yule yule aliyenicheka, akamkemea: "Usinguse ntani!" Na wote wakarudia, usimguse, usimguse. Kijana akapiga magoti pale pale akalia.

Naomba mtazame jambo hili vizuri. Mwenyekiti wa kitongoji akisema asishuke mtu, mtu anashuka. Mtani akilala chini, ukoo mzima unasimama. Nilikasirika nikiwa nimelala chali pale pale, nikitazama mawingu, huku chini yangu mna watu wawili. Niliikasirikia serikali yangu iliyonipa cheo kisicho na meno, nikawakasirikia wao walionichagua kwa mzaha, lakini nilikuwa nimeshaona mlango uliofunguka na nikaingia kwa nguvu zote.

"Wavivu wa ukoo huu!" nikawatukana. "Mnanikodolea macho ya nini? Leteni mashine ya kupulizia salfa! Mbio, miguu yenu ya mihogo!"

Mashine hiyo huku iko karibu kila nyumba. Mtu huibeba mgongoni akapulizia mikorosho unga wa salfa, na upepo wake unafika hadi kileleni mwa mti. Msimu wa kupulizia ulishapita, mashine zilikuwa zimeoshwa na kutundikwa. Ikaletwa moja bila salfa, wakaiweka upande upepo unakotoka, bomba lake wakaliungia mpira mnene na kuuteremsha kando yangu. Hewa safi ikaanza kuingia kwa kishindo. Nikaita kamba. Nikaita kulabu ile ya meno matatu tunayoopolea ndoo zilizokatika. Kila amri niliisindikiza na tusi, na kila tusi lilimpeleka mtu mbio. Kwa adabu nimewaita kwenye mikutano ya usafi mwaka hata mwaka wasije, na siku hiyo niliwatukania babu zao wakatii kama askari.

Nilijisogeza nikaketi ukingoni, mgongo kwenye ngazi ili asipite mtu, na nafasi ikapatikana ya kuvutia. Kitinda mimba mwenyewe ndiye aliyeishika kulabu. Nilimwambia kama kweli anawapenda, awapende akiwa huku juu. Aliinasa suruali ya mkwe kiunoni kwenye mkanda, watu wakavuta, akatoka. Alikuwa anakoroma. Anapumua! Yule dada, mke wa mkwe, alijirusha juu yake na shati lake bado mkononi. Kisha wakamtoa kaka mkubwa. Huyo alikuwa ameshakwenda, na mama yake alijua kabla ya mtu yeyote kumgusa.

Kulikuwa na pikapu barabarani, ya mfanyabiashara kutoka Masasi aliyefuata magunia. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kutupa magunia chini bila kuambiwa. Wakati huo huo pikipiki ikaingia uani, na mwenyekiti wa kijiji akashuka, kofia kichwani, simu mkononi.

"Nani ametoa amri hapa?" akauliza.

Nami nikafanya nilivyofundishwa. Niliinuka pale ukingoni, nikajipangusa vumbi, nikajifunga kanga yangu vizuri. Nikamweleza: watu wawili, mmoja amefariki, mmoja anapumua, gari lipo, anatakiwa hospitali Newala sasa hivi. Nikamkabidhi, nikasogea pembeni.

Alipiga simu kwa diwani. Diwani alikuwa Masasi kwenye kikao, na kwa jinsi simu ilivyokuwa na sauti kubwa, wote tulimsikia: kisiondolewe kitu mpaka afike, polisi lazima waone. Mwenyekiti akakata simu akainua mkono kumzuia dereva. "Amri kutoka juu," akasema. "Tunasubiri."

Nikamwambia polisi wamwone marehemu, huyu mwingine anapumua. Nikamwambia kutoka Masasi hadi huku ni kupanda mlima mzima. Akanitazama kwa uvumilivu, kama anavyotazamwa mlevi wa heshima.

"Mama," akasema, "utani umekwisha sasa. Tuache tufanye kazi."

Sijamsamehe. Nasema wazi, sijamsamehe na sijui kama nitamsamehe. Sentensi ile ilinifunga mdomo kwa sababu kila aliyekuwepo aliinamisha kichwa kuikubali. Kazi imefika, utani umekwisha. Dereva, mgeni asiyemjua mtu, alizima gari. Mtendaji wa kijiji naye alikuwa amefika, akazunguka akipiga picha za kisima, za kulabu, za mwenyekiti akiwa na simu sikioni. Kwa mkwe hakuna aliyepiga magoti isipokuwa mkewe na mimi. Tulimsikiliza anavyokoroma. Kisha kukoroma kukaanza kukatikakatika, na mwenyekiti akaona uso wa kijana unavyobadilika, ndipo akashikwa na hofu na kusema haya, haya, mpelekeni. Mkono aliouinua akaushusha kama vile haukuwa wake.

Alifia njiani. Muuguzi alisema mwili ulikuwa bado una joto. Diwani alifika uani tukiwa tumeshatandika mikeka ya msiba, akatoa pole, akauliza kama kuna mahali penye mtandao.

Kwenye maziko ukoo ulinitazama. Walitegemea niingie kaburini, nikae, niseme yangu, maana mtani asipofanya hivyo ni kama msiba haujakamilika. Sikuweza. Nilikaa nyuma na wanawake. Kuna walionung'unika kwamba siku watu walipokuwa hoi nilitania, na siku ya kutania nimejifanya mstaarabu.

Baadaye uliitishwa mkutano wa kijiji na akaja mgeni kutoka wilayani. Mwenyekiti alisoma taarifa. Kwa uongozi wake, alisema, na kwa ushirikiano wa wananchi, waliokuwa kisimani walitolewa na vifo zaidi vikazuiwa. Mgeni akampongeza. Kisha akatabasamu akasema amesikia pia kuna mtani mmoja alilala juu ya kisima akawachangamsha watu wasife moyo, na akaomba nipigiwe makofi. Nikapigiwa. Nikasimama kusema, nikaambiwa muda hautoshi. Kamati ya maafa ikaundwa upya palepale kwa majina yale yale, na wali ukaliwa. Nilirudi nyumbani, nikavunja chungu changu mwenyewe jikoni, na sikujuta.

Lakini hasira zote hizo zilikuwa juu ya mwenyekiti na wenzake. Lililokuwa linanila kwa ndani ni mama wa nyumba ile. Tangu msiba hakuja kwangu kuomba moto wala chumvi. Nikipita aliitikia salamu na kuingia ndani. Nilijiambia naye ameamini, anadhani mwanawe na mkwewe walipokuwa wanakata roho mimi nilikuwa nadai mlo. Nilijua nikiipoteza nyumba ile nimeupoteza ukuta wangu wa kulia.

Baada ya arobaini alikuja. Nilikuwa nabangua korosho barazani. Alikuja peke yake, polepole, na mkononi ameshika kuku mweupe miguu juu. Nilipomwona yule kuku, hasira ilinipanda.

"Mrudishe," nikamwambia hata kabla ya salamu. "Sikudai kuku! Wakuambie watakavyo, mimi sikudai kitu. Sikuwa natania pale!"

"Najua," akasema.

Akaketi. Akamfunga kuku mguu kwenye nguzo ya baraza, akakaza fundo, akalijaribu kama limeshika.

"Huyu ni wa mwanangu aliyebaki," akasema. "Ntani amelala, mtu hakushuka. Lazima umlipe ntani. Nisingekuja na mikono mitupu."

Tulibangua korosho pamoja kwa muda, yeye akitumia jiwe langu la zamani. Nilianza kupumua. Nikadhani limekwisha. Kisha akaongea bila kuinua macho, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote.

"Ila niambie kitu kimoja, ntani. Ulikuwa umekaa pale ukingoni. Kila mtu anakusikiliza, ukisema kamba wanaleta kamba. Gari lile limefunguliwa mlango. Kwa nini uliinuka?"

Jiwe lilinisimama mkononi.

"Kiongozi alikuwa amefika," nikamwambia.